Kabla Mguu Haujakatwa: Daktari Bingwa wa Mishipa ya Damu Ni Nani na Anatibu Nini?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yetu ana miaka 63 na amekuwa na kisukari kwa zaidi ya miaka kumi. Kiatu kilimchubua kidole gumba cha mguu wa kushoto, kidonda kikakataa kupona, na sasa kidole kimekuwa cheusi. Hospitali tuliyompeleka wametushauri mguu ukatwe chini ya goti. Daktari mwingine wa hapo hapo akatuambia kabla ya kukubali tumpeleke Dar es Salaam akaonwe na daktari bingwa wa upasuaji wa mishipa ya damu. Kaka yangu hataki. Anasema huyo ni daktari wa moyo, mama hana shida ya moyo, tutamaliza nauli bure. Huyu daktari amesomea nini hasa? Anatibu magonjwa gani? Na mguu wa mama una matumaini?

Jibu: Marahaba, dada yangu, na poleni sana na uguzi.

Nianze na la haraka, mengine mtayasoma baadaye. Mtazameni mama mguu sasa hivi. Kama kidole ni cheusi, kikavu, kimesinyaa, na mpaka kati ya nyama iliyokufa na ngozi nzima unaonekana, mna siku chache za kupanga safari. Kama kuna usaha, harufu kali, homa, kutetemeka, sukari inapanda hata akimeza dawa, au mama ameanza kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura ya leo. Vitabu vingi vinasema utafute wekundu unaopanda, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuteni uvimbe, joto na ngozi inayong'aa kuelekea kwenye kifundo. Mkiona hayo msimpandishe basi. Arudishwe hospitali iliyo karibu, aanzishiwe antibayotiki za mshipani na usaha uondolewe. Maambukizi ya namna hiyo yanaua ndani ya siku chache, na daktari anayekata mguu hapo ili kuokoa uhai anafanya kazi yake sawasawa. Sitaki maelezo yangu yatumike kumkatalia.

Sasa kwa kaka. Hajakosea sana. Hapa nchini Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyopo Upanga katika eneo la Muhimbili, inahudumia moyo, kifua na mishipa ya damu mahali pamoja. Mtu ameandikiwa rufaa ya mguu, akifika anakuta bango limeandikwa Moyo, anadhani amepotea. Hajapotea. Daktari wa upasuaji wa mishipa ya damu anashughulika na ateri, yaani mishipa inayotoa damu kwenye moyo kuipeleka mwilini, na vena, ile inayoirudisha. Eneo lake ni shingo, kifua, tumbo, mikono na miguu. Mishipa ya moyo wenyewe ina madaktari wake, na ile iliyo ndani ya fuvu ni ya wapasuaji wa ubongo.

Wala mishipa ya fahamu si yake. Nasema hivi kwa sababu wagonjwa wengi wanaofika kliniki wakilalamikia "mishipa" wana ganzi, miguu inawaka moto usiku, au wanahisi wanakanyaga sufi. Hayo ni madhara ya kisukari kwenye mishipa ya fahamu, na upasuaji hauyatibu. Lakini mama yenu huenda ana yote mawili, na hapo ndipo ugumu wa mguu wa kisukari ulipo. Ganzi ndiyo iliyofanya kiatu kimchubue bila yeye kushtuka. Damu kutofika ndiyo inayoweza kuwa imekifanya kidonda kikatae kupona. Na kwa kuwa haumwi sana, nyumbani mkaona bado mapema.

Ngozi nzima inaweza kuishi kwa damu kidogo tu. Kidonda ili kipone kinahitaji damu nyingi kuliko hiyo. Ndiyo maana mtu anaweza kutembea miaka mingi na ateri zilizoziba nusu, asijue lolote, mpaka siku anapojikata kucha vibaya. Kwa mtu mwenye kisukari ugonjwa huu unapenda zaidi ateri zilizo chini ya goti, ambako mshipa mkubwa unaotoka pajani unagawanyika kuwa mitatu membamba. Mara nyingi mapigo kinenani na nyuma ya goti yako imara kabisa, lakini juu ya wayo hakuna kitu. Daktari akiishia kugusa paja atasema damu ipo.

Kwa hiyo swali la kwanza ambalo daktari wa mishipa atajiuliza akimwona mama si "tukate wapi?" Atajiuliza: damu inafika kidoleni?

Namna anavyolijibu haina maajabu. Ataweka vidole viwili juu ya wayo, kisha nyuma ya kifundo upande wa ndani, atafute mapigo. Asipoyapata atachukua kifaa cha Dopla, kidogo kama kalamu nene, atapaka jeli na kusikiliza. Ateri nzima inatoa sauti ya kukata, yenye vipande viwili au vitatu. Iliyoziba huko juu inatoa mvumo mmoja wa chini, mlegevu, wakati mwingine kimya kabisa. Kisha atafunga mkanda wa kupimia presha juu ya kifundo, apime, apime na mkononi, halafu agawanye ya mguuni kwa ya mkononi. Hicho ndicho kipimo madaktari wanachokiita ABI. Kikiwa chini ya 0.9 kuna ugonjwa, kikiwa chini ya 0.4 hali ni mbaya. Kwa mgonjwa wa kisukari kuna mtego: kuta za ateri hujaa chokaa, mshipa unakuwa mgumu kama mrija wa peni, mkanda unashindwa kuubana, na kipimo kinatoka juu ya 1.4 kana kwamba damu imezidi. Nimeona wagonjwa waliorudishwa nyumbani kwa namba hiyo. Jibu lake ni kupima presha ya kidole cha mguu chenyewe, kwa sababu mishipa ya vidole haigandi chokaa kwa kiasi hicho. Ikiwa chini ya milimita 30 za zebaki, kidonda hakitegemewi kupona bila kufungua njia ya damu.

Kipimo hicho hakichukui hata nusu saa. Kama mama hajapimwa, ombeni apimwe huko huko mliko, maana kifaa cha Dopla kipo hata katika hospitali nyingi zisizo na bingwa. Wodi ya wazazi wanakitumia kusikiliza mapigo ya mtoto tumboni. Si kile kile hasa, kwa kuwa cha mishipa kinatumia mawimbi yanayotetema kwa kasi zaidi, lakini mahali penye kimoja mara nyingi mtu anajua cha pili kiko wapi.

Ikionekana damu haifiki, ndipo picha zinapigwa: ultrasaundi ya mishipa, au siti skani yenye dawa ya kung'arisha mishipa, au picha inayopigwa katheta, yaani mrija mwembamba, ikiwa ndani ya ateri. Dawa hiyo inaweza kusumbua figo, na mama ana kisukari, kwa hiyo lazima kipimo cha figo kiwe kimefanyika kwanza. Kama anameza metformini, dawa ya kisukari, amwambie daktari kabla ya picha. Asiiache mwenyewe.

Baada ya picha kuna njia mbili za kurudisha damu, na bingwa wa mishipa wa leo anatakiwa azijue zote.

Ya kwanza haina kisu. Anachoma sindano kinenani, anapitisha waya mwembamba ndani ya ateri mpaka uvuke palipoziba, kisha juu ya waya anapitisha puto dogo na kulijaza. Wakati mwingine anaacha bomba la wavu wa chuma, stenti, lishike njia. Historia ya njia hii ingemfaa kaka yako. Tarehe 16 Januari 1964, mjini Portland katika jimbo la Oregon, Marekani, bibi wa miaka 82 alilazwa vidole vya mguu vikiwa vimeoza. Wapasuaji walitaka kukata, yeye akakataa. Charles Dotter, ambaye hakuwa mpasuaji bali daktari wa picha, akapitisha waya na mirija ya ukubwa unaoongezeka mpaka ateri ya paja ikafunguka. Yule bibi alitembea kwa mguu wake kwa zaidi ya miaka miwili mpaka alipofariki. Mama yenu si wa kwanza kuambiwa akatwe, na kutafuta maoni ya pili si ukaidi.

Njia ya pili ni upasuaji wa kuchepusha damu. Inachukuliwa vena ndefu iliyo chini ya ngozi, ile inayopanda kutoka kifundo hadi kinenani upande wa ndani, inaunganishwa juu na chini ya palipoziba, damu inapita pembeni. Mpasuaji Jean Kunlin alifanya hivyo Paris mwaka 1948 na hadi leo vena ya mgonjwa mwenyewe inashinda bomba lolote la kiwandani kwa mishipa ya chini ya goti. Vena ina vali zinazoruhusu damu iende upande mmoja tu, kwa hiyo ama inageuzwa kichwa chini ama vali zinakatwa. Mpasuaji akisahau hilo damu haipiti. Ndiyo maana pia nawasihi wauguzi wasichome dripu kwenye vena za miguu ya wagonjwa wa kisukari ovyo. Huenda ndiyo akiba pekee iliyobaki.

Kuna jambo moja familia nyingi hazilielewi, na linaleta ugomvi baadaye. Kufungua mshipa hakufufui kidole cheusi. Kilichokufa kimekufa, na kidole cha mama kitaondolewa. Faida ya kurudisha damu ni kwamba kidonda kitakachobaki baada ya kuondoa kidole kitapona, na mguu utabaki. Kidole kikikatwa bila damu kurudi, kidonda kipya nacho kinakuwa cheusi, wanakata wayo, halafu chini ya goti, halafu juu ya goti, kipande kwa kipande. Familia husema kisukari kinapanda. Mara nyingi ni damu ambayo haikuwahi kufika.

Sasa elimu yake. Hapa Tanzania anaanza na shahada ya udaktari ya miaka 5, kisha mwaka 1 wa utarajali hospitalini. Hapo ni daktari, si bingwa. Wengi hufanya kazi wilayani kwanza. Akirudi chuoni anasomea ubingwa wa upasuaji, miaka 3 hadi 4 kutegemea chuo, Muhimbili, Bugando, KCMC na kwingineko. Au anapitia Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha, ambako mafunzo hutolewa hospitalini anakofanyia kazi badala ya darasani. Ndipo anaingia ubingwa bobezi wa mishipa, miaka 2 au 3 zaidi. Hesabu haishuki chini ya miaka 11, na hapo sijaweka miaka ya kusubiri ufadhili.

Ubobezi huo wengi wetu tumeufuata nje. Afrika Kusini wana cheti cha mishipa ya damu juu ya ubingwa wa upasuaji. India ni miaka 3 baada ya ubingwa. Marekani zipo njia mbili: miaka 5 ya upasuaji wa jumla na 2 ya mishipa, au miaka 5 ya mishipa moja kwa moja tangu umalize chuo. Uingereza fani hii ilitenganishwa rasmi na upasuaji wa jumla mwaka 2012 tu. Hapa kwetu na Kenya wengi wanaofanya kazi hii wametokea upande wa moyo na kifua. Msishangae basi mkikuta aliyemwona mama ana cheo kirefu chenye maneno hayo yote. La kumuuliza ni kama anafanya upasuaji wa ateri za miguu mara kwa mara, si jina la cheti chake.

Anachojifunza miaka hiyo ni kushona, kwa sehemu kubwa. Mwaka 1894 Rais Sadi Carnot wa Ufaransa alichomwa kisu mjini Lyon akafa kwa kuvuja damu, kwa sababu wakati ule hakukuwa na namna ya kuaminika ya kushona mshipa mkubwa uliokatika. Kijana Alexis Carrel, mwanafunzi wa udaktari mjini humo, akaenda kwa fundi wa kudarizi kujifunza kushika sindano ndogo. Mwaka 1902 alichapisha njia yake ya kuunganisha mishipa na mwaka 1912 akapewa Tuzo ya Nobel. Mpaka leo tunashona kwa kanuni zake. Kwenye ateri ya kifundo uzi unaweza kuwa mwembamba kuliko unywele, unavaa miwani ya kukuzia, na sindano upande wa ateri yenye ugonjwa lazima itoke ndani kwenda nje. Ukiichoma kutoka nje unaubandua utando wa ndani, unaning'inia kwenye njia ya damu, na usiku ule ule mshipa unaganda. Mwanafunzi anarudia mshono huo mmoja mpaka mkono uache kufikiri.

Kabla ya kubana mshipa mgonjwa hupewa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Nyingi inayouzwa duniani hutokana na utando wa matumbo ya nguruwe. Wagonjwa Waislamu wana haki ya kuambiwa hilo mapema, si mezani. Wengi wakishazungumza na masheikh wao hukubali kwa msingi wa dharura, na ipo dawa ya kutengenezwa maabara, fondaparinaksi, inayofaa katika baadhi ya hali ingawa si zote.

Sehemu ya pili ya mafunzo ni kujua wakati wa kutokata. Mgonjwa ambaye shavu la mguu linambana akitembea mita mia mbili, akisimama dakika mbili linaachia, huyo ana ateri iliyoanza kuziba. Wengi wao hawahitaji meza ya upasuaji. Wanahitaji kuacha sigara na ugoro, dawa ya lehemu, aspirini ya dozi ndogo kama daktari ameona inafaa, presha na sukari kudhibitiwa, na kutembea kwa ratiba: atembee mpaka maumivu yamzuie, apumzike, aendelee, nusu saa au zaidi, mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu. Umbali huongezeka kweli. Hilo si kwa mama yenu lakini, mwenye kidonda asiukanyagie mguu.

Umeuliza anatibu nini kingine. Nitapita haraka kwenye mengine na kusimama penye umuhimu kwetu.

Ajali za bodaboda zinatuletea kazi kuliko wanavyodhani wengi. Goti likiteguka, ateri iliyo nyuma yake inavutika na kuchanika kwa ndani huku ngozi ikiwa nzima. Mguu unakuwa baridi, hauna mapigo, vidole vinapoteza hisia. Nyama za mguu zisizopata damu kabisa huanza kufa, na kwa kawaida tunahesabu saa 6. Mfupa unaweza kusubiri, damu haisubiri. Ukifika kwenye ajali ya namna hiyo na damu inaruka, bonyeza kwa kitambaa kisafi na mkono usiuondoe kutazama kila dakika. Mguu wa baridi ghafla bila ajali yoyote, hasa kwa mtu mwenye moyo unaodunda ovyo, ni bonge la damu lililosafiri kutoka moyoni, na saa zake ni zile zile. Tangu miaka ya mwanzo ya 1960 tunalo katheta lenye puto nchani la kulivuta bonge hilo, kazi ya Thomas Fogarty wa Marekani, ambaye la kwanza alilitengeneza kwa kukata kidole cha glavu ya upasuaji.

Wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu nao ni wetu. Tunaunganisha ateri na vena karibu na kifundo cha mkono ili vena inenepe na kustahimili sindano nene mara tatu kwa wiki. Inachukua wiki kadhaa kukomaa, mara nyingi sita au zaidi, kwa hiyo bora itengenezwe kabla figo hazijafika mwisho. Ukiigusa unahisi mtetemo. Siku mtetemo ukipotea, mgonjwa aje siku hiyo hiyo, asingoje tarehe ya kliniki. Mkono huo haupimwi presha wala kutolewa damu ya vipimo. Wagonjwa wangu nawaambia wawe wakali, hata kwa mtu aliyevaa koti jeupe.

Kuna ateri kuu ya tumbo inayotanuka kimya kimya, hasa kwa wanaume wazee wavutaji sigara. Ikifika sentimita 5.5 kwa mwanamume hushauriwa irekebishwe, kwa mwanamke karibu 5. Ikipasuka, wengi hawafiki hospitali. Albert Einstein alikuwa nayo. Mwaka 1948 mpasuaji Rudolf Nissen aliizungushia karatasi ya selofani, na ilipopasuka mwaka 1955 Einstein alikataa upasuaji mwingine. Uingereza huwaita wanaume wote wafikishapo miaka 65 wapigwe ultrasaundi mara moja. Katika sehemu zetu za Afrika tunaona pia vijana wenye VVU ambao ateri zao zimetanuka, ugonjwa wenye tabia tofauti na ule wa wazee.

Ateri ya shingo iliyopungua ni chanzo kimoja cha kiharusi. Mtu akipooza mkono kwa dakika kumi kisha ukarudi, hajapona, ameonywa. Kama shingo ndiyo yenye tatizo, upasuaji unafaa zaidi ukifanyika ndani ya wiki mbili. Vena zilizovimba na kujikunja miguuni, kwa mama ntilie, walimu na wasusi wanaosimama kutwa, zina tiba, na soksi za kubana ndizo mwanzo wake, ila soksi hizo zisivaliwe na mtu ambaye ateri zake hazijapimwa. Mguu mmoja kuvimba na kuuma baada ya kujifungua, upasuaji au safari ndefu huenda ni damu iliyoganda kwenye vena. Hiyo hutibiwa zaidi kwa dawa, lakini haraka, kabla bonge halijapanda mapafuni.

Narudi kwa mama. Je, mguu una matumaini? Mpaka damu ipimwe sina jibu, na mtu yeyote anayewaahidi kabla ya hapo, awe daktari au mganga, msimwamini. Bingwa atapima mambo matatu kwa pamoja: kidonda kimekula kiasi gani, damu inafika kiasi gani, na maambukizi yameenea wapi. Wapo ambao mishipa yote mitatu ya chini imeziba mpaka vidoleni, hakuna pa kuunganisha, au moyo hauvumilii upasuaji. Kwao kukatwa ndiyo tiba nzuri, na hata hapo daktari wa mishipa ana kazi: kutazama kama damu inatosha jeraha la chini ya goti lipone, maana mwenye goti lake hujifunza mguu wa bandia kwa urahisi zaidi kuliko aliyekatwa pajani. Na wapo ambao mapigo yakipatikana yako vizuri, shida yote ilikuwa ganzi na maambukizi, wakabaki na mguu kwa kusafishwa kidonda, antibayotiki na kutoukanyagia tu.

Mkifika, ulizeni hivi bila woga: mapigo ya wayo yapo? Presha ya kidole imepimwa? Kama picha imepigwa, kuna njia ya waya au ya kuchepusha, na kama hakuna, kwa nini? Mkijibiwa mguu ukatwe, ulizeni kwa nini iwe kiwango hicho na si cha chini zaidi. Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali hayo.

Bebeni barua ya rufaa, majibu ya sukari ya miezi mitatu, kipimo cha figo, kadi ya bima na dawa zake zote katika maboksi yake; "kidonge cheupe cha asubuhi" hakitusaidii. Kidole kifungwe kwa bandeji kavu, wala kisilowekwe. Kukanda mguu kwa maji ya moto, ambako kwetu ndiyo tiba ya kwanza ya kila maumivu, kwa mtu mwenye ganzi kunaunguza bila yeye kujua, na majivu au majani yaliyotwangwa yanaongeza uchafu. Njiani asikae na kisigino kimegandamizwa sakafuni saa nane mfululizo. Wekeni nguo iliyokunjwa chini ya shavu la mguu ili kisigino kielee, wala mguu msiunyanyue juu ya usawa wa moyo, maana damu kidogo iliyopo inashindwa kupanda.

Usiku kabla ya safari mvueni soksi ya mguu wa kulia pia, mtazame katikati ya vidole na nyuma ya kisigino kwa tochi ya simu. Ateri za upande huo zina umri ule ule na sukari ile ile, na kiatu kilichomchubua kushoto kina mwenzake.